Kuchonga Maji

Asubuhi, ubavu wa magharibi wa kiti kile uko kivulini, na mtu anayepita mbio atadhani fundi aliuacha mtupu. Wageni wengi wa hekalu la Luxor wanapita mbio. Wanainua macho kuutazama uso wa Ramses wa Pili, aliyeketi langoni mikono juu ya mapaja kwa zaidi ya miaka 3,000, kisha wanaingia ndani. Mimi nilikaa. Mlinzi mmoja mzee alikuwa amenionyesha saa yake na kunigusia namba kwa kidole: nisubiri mpaka saa saba. Saa saba ilipofika jua likavuka utosi, mwanga ukaanza kuteremka juu ya jiwe kama maji yanayochuruzika ukutani, na watu wawili wakatokea.

Wanene, wote wawili. Wamesimama wakitazamana, kila mmoja na mmea kichwani: mmoja ana mafunjo ya kaskazini, mwenzake ana mmea wa kusini. Katikati yao kuna mti mwembamba uliofura kwa chini, na kila mmoja anavuta bua refu lililozungushwa kwenye mti huo na kukazwa fundo. Videvuni wana ndevu. Vifuani wana matiti yaliyolala. Matumbo yao yamemwagika juu ya mikanda. Huyo ni Hapi, mafuriko ya mto Nile, amechongwa mara mbili ili asimame upande wa Misri ya Juu na upande wa Misri ya Chini, na anachokifunga hapo katikati ni nchi nzima. Ule mti ni alama ya maandishi yao, picha ya koo na mapafu, na inasomeka "sema", maana yake kuunganisha. Neno hilo halina undugu na "sema" letu, ingawa koo na mapafu ndivyo tunavyosemea.

Mafunjo yale niliyajua kabla sijamjua Hapi. Nimekulia kando ya Ziwa Victoria, upande wa Bukoba, ambako mafunjo ni majani ya kuezekea na kusukia majamvi, na mtoto akiambiwa asiende majini haambiwi "usiende ziwani", anaambiwa "usivuke mafunjo". Bua lake lina pembe tatu. Ukilipitisha kati ya vidole unazihisi. Juu lina shada la nyuzi za kijani zinazocheza hata pasipo upepo. Fundi wa Misri hakujaribu kuzichonga nyuzi hizo moja moja. Aliligeuza shada kuwa umbo moja linalofunguka kama kengele iliyopinduliwa, chini yake akaweka vijani vichache vyenye ncha, na mtu wa ziwani akiona tu anajua ni nini. Misri yenyewe leo karibu haina tena mafunjo ya mwituni. Yaliyobaki kwa wingi yako huku kwetu juu, ambako mto unaanzia.

Nitoe hapa jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku ile. Katika Kiswahili titi ni ziwa, na lile bwawa kubwa la maji matamu ni ziwa, na kinachotoka katika la kwanza ni maziwa, ambayo ndilo jina la yale ya pili yakiwa mengi. Fundi wa Luxor hakujua neno letu hata moja. Lakini alipotaka kuonyesha maji yanayolisha watu, alimpa mwanamume mwenye ndevu ziwa.

Hapi si mto. Mto wenyewe Wamisri waliuita iteru, yaani mto tu. Hapi ni kile kilichoujia mto kila mwaka. Mvua za masika ya Ethiopia zilijaza Nile ya Buluu na Atbara, zikabeba udongo wa milimani, na kuanzia mwezi wa sita maji yakaanza kupanda Aswan. Yalifika kilele mwezi wa nane au wa tisa, yakafunika mashamba, yakatua, yakaacha tope jeusi. Nchi waliiita Kemet, Nyeusi, kwa ajili ya tope hilo. Maji ya ziwa letu hayakuwa na mchango mkubwa katika kilele hicho. Yanapita kwanza kwenye mabwawa ya Sudd, yanapoteza karibu nusu yake kwa jua, na kazi yake ni kuuweka mto hai miezi ya kiangazi, polepole, bila sifa. Mafuriko yalitoka Ethiopia. Maji yakija kidogo, njaa. Yakija mno, vijiji vinabomoka. Yakija kwa kiasi chake, ni ile methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa mchonge huyo mgeni.

Kuna utenzi wa kale wa kumsifu Hapi, ambao wanafunzi wa ukarani wa zama za akina Ramses waliunakili tena na tena katika mazoezi yao. Moja ya mambo ambayo mtunzi anayasifia ni kwamba Hapi hawekwi katika jiwe wala hakuna ajuaye mahali alipo. Ni sifa ya haki. Miungu mingine ilikuwa na nyumba. Amun alikuwa na Karnak, Ptah alikuwa na Memphis. Hapi hakuwa na hekalu kubwa la peke yake, kwa sababu alipokuja aliingia kila mahali. Lakini wakati utenzi ule unanakiliwa, mafundi wa mawe walikuwa wameshaishughulikia kazi hiyo isiyowezekana kwa zaidi ya miaka 1,000.

Jibu lao la zamani ambalo napenda kulitazama linatoka Abusir, katika hekalu la piramidi ya Farao Sahure wa Nasaba ya Tano, ambalo Mjerumani Ludwig Borchardt alilichimbua mwaka 1907 na 1908. Ukutani pale kuna msafara wa watu wabeba baraka. Mmoja wao anaitwa Wadj-wer, Kijani Kikuu, na ndiye maji makubwa. Fundi amemchonga mtu, kisha juu ya ngozi yake yote amechora vijimawimbi, mstari kwa mstari, vikipita juu ya kifua na tumbo na miguu bila kukatika. Katika msafara huohuo yupo Nepri, mungu wa nafaka, naye mwili wake umejaa punje. Mchongo wenyewe umeinuka juu ya ukuta kwa milimita chache tu. Hebu fikiria kazi ya mkono ule: katika unene wa ukucha, fundi anatakiwa kwanza atengeneze duara la paja, halafu juu ya duara hilo apitishe wimbi, na wimbi lisiharibu paja, na paja lisilivunje wimbi.

Ni kazi nzuri mno. Hata hivyo naiona kama jibu la kwanza, la mtu aliyeandika neno "maji" juu ya mwili. Jibu la pili lilikuwamo tayari katika ukuta uleule, nalo ndilo lililodumu mpaka Warumi wakaja: uzito.

Tazama tumbo la Hapi popote utakapomkuta. Halikukaa kama tumbo la tajiri. Misri ilikuwa na sanamu nyingi za wakubwa wanene; unene wao umeketi, umetulia, unangoja kuhudumiwa. Hapi ni mnene anayefanya kazi. Anatembea, au amepiga goti, mikono imebeba sinia la mikate na bata bukini na mitungi ya maji, na vifundo vya yungiyungi vinaning'inia mkononi. Kiunoni hana vazi la kifahari. Amefunga ule mkanda wa vitambaa vilivyoachwa wazi, vazi la wavuvi na watu wa mabwawani. John Baines wa Oxford, aliyeandika kitabu kizima kuhusu michongo ya namna hii mwaka 1985, anaonya kwamba tusikimbilie kumwona kama nusu mwanamume na nusu mwanamke. Maziwa yake na tumbo lake ni shibe iliyopewa mwili. Nakubaliana naye, kwa sababu ndivyo mchongo unavyosema ukiutazama kwa muda. Yule mtu hajishughulishi na mwili wake. Anaushughulikia mzigo.

Na siri iko katika mstari mmoja. Unaanzia chini ya kwapa, unateremka ubavuni mwa ziwa ambalo limechorwa kwa upande, kwa sababu fundi wa Misri huonyesha mabega kwa mbele na kifua kwa pembeni. Hapo mstari unaingia kidogo ndani, pumzi moja tu, halafu unatoka nje, polepole, unajaa, unapita juu ya mkanda na kuufunika, unajikunja chini na kurudi kwenye paja. Hakuna pembe. Hakuna mahali mkono ulipositasita. Mtu aliyewahi kuona maji yakipanda katika shamba tambarare ataujua mwendo huo. Mafuriko ya Nile hayakuja kwa kishindo cha korongo, yalijaa. Yalifika ukingoni, yakakaa kidogo, yakaumwagikia.

Mstari huo haukuwa na mahali pa kuuiga. Mwili wa kawaida ulikuwa na kanuni. Fundi alipima ukuta wake, akachukua uzi uliolowekwa ngeu, akaubana ncha mbili, akauvuta na kuuachia: pa! Seremala wa Zanzibar au Mombasa aliyefundishwa kazi kwa njia ya zamani hahitaji kuelezwa, kwa sababu naye ameipiga ngeu yake juu ya ubao namna hiyohiyo. Ngeu zilipigwa kwa kulala na kwa kusimama mpaka ukuta ukawa wavu wa miraba. Mtu aliyesimama alihesabiwa miraba 18 kutoka nyayo mpaka pale nywele zinapoanzia. Goti mraba wa 6. Bega mraba wa 16. Kanuni hiyo ilimwongoza mwanafunzi kama reli. Lakini haikumpa hesabu ya tumbo linalotoka nje ya mwili. Hapo jicho lilifanya kazi, na mkono ambao umeshachora tumbo hilo mara 1,000.

Namna walivyokuwa wakifanya inaonekana wazi katika kaburi la Farao Horemheb, lililogunduliwa na Edward Ayrton mwaka 1908 katika Bonde la Wafalme. Kifo kilimwahi mfalme, kazi ikaachwa katikati, na bahati yetu ikawa hapo. Sehemu moja ya ukuta ina miraba mitupu. Sehemu ya pili ina michoro ya rangi nyekundu ya mwanafunzi au msaidizi. Juu ya wekundu huo kuna mistari myeusi ya bwana fundi, anayerekebisha: hapa kiwiko kishuke, hapa kidevu kirudi nyuma, hapa mkono uwe mwembamba zaidi. Mbele kidogo patasi imeshaanza kufuata mstari mweusi. Nimeitazama mistari ile miwili, mwekundu na mweusi, muda mrefu kuliko vitu vilivyokamilika. Tofauti yake mara nyingi haizidi upana wa kidole kimoja. Mtu aliona upana huo wa kidole, gizani, kwa mwanga wa utambi, akaona haufai kuachwa, ingawa mahali hapo pangezibwa na hakuna macho yangepaona tena.

Baada ya mstari ilikuja patasi. Katika jiwe la chokaa, kama kule Abydos kwa Farao Seti wa Kwanza, waliondoa ukuta wote unaozunguka umbo mpaka umbo likabaki limetuna. Ni kazi ya kuchosha. Unachonga kila kitu isipokuwa kile unachokichonga. Mwanawe, Ramses wa Pili, alipenda zaidi mchongo wa kuzama, ambao ukuta unaachwa kama ulivyo na umbo linachimbiwa ndani. Watu husema alikuwa na haraka, na kweli alijenga sana. Lakini mchongo wa kuzama ndio unaofaa nje, kwenye jua kali, kwa sababu kingo zake hushika kivuli. Ndiyo maana yule mlinzi alinionyesha saa. Fundi wa Luxor alijua ni saa ngapi Hapi wake ataamka.

Naye alikuwa akichonga itale. Jiwe la itale halikatwi na patasi ya shaba. Ukijaribu, patasi ndiyo inayoliwa. Denys Stocks, Mwingereza aliyetumia miaka mingi kutengeneza upya zana zile na kuzijaribu juu ya mawe yaleyale, alithibitisha kwamba shaba na hata bronzi hazifui dafu mbele ya itale, ila jiwe la gumegume lenye ncha linaweza. Basi umbo kubwa lilipondwa kwa vigongo vya jiwe gumu zaidi, likasuguliwa kwa mchanga na maji, na maelezo yakachongwa kwa mawe madogo yanayovunjika na kunolewa upya siku nzima. Ule mstari wa tumbo, unaoonekana kama umepita kwa pumzi moja, ulipigwa chembe kwa chembe. Unga wake ulijaa mapafuni mwa watu. Sijui kitu kingine kilicho laini kuliko mstari huo ambacho kimetoka katika ugumu wa namna hiyo.

Halafu rangi, ambayo leo imetoka mahali pengi na kutuachia jiwe tupu tukidhani lilikuwa hivyo. Hapi alikuwa wa buluu, au wa kijani. Buluu yao haikuchimbwa ikiwa tayari, waliipika. Mchanga, chokaa, madini ya shaba na magadi vilichanganywa na kuwekwa motoni kati ya nyuzi 850 na 1,000 hivi za selisiasi, kwa saa nyingi, mpaka vikawa donge la buluu. Moto ukizidi, kazi imeharibika. Ukipungua, haijawa. Kisha donge linasagwa, na hapo kuna ujuzi ambao anayesaga tu ndiye anaujua: likisagwa chenga unapata buluu nzito ya maji ya kina, likisagwa laini unapata buluu nyepesi ya alfajiri. Donge moja, maji mawili. Waliichanganya na gundi ya mgunga, wakaipaka kwa brashi za nyuzi za mtende, na kwa mistari myembamba wakatumia bua la unyasi lililotafunwa ncha.

Mafundi hawa hawakutia sahihi. Mmoja aliyetuachia neno ni Irtisen, aliyeishi zama za Farao Mentuhotep, takriban miaka 2,000 kabla ya Kristo. Jiwe lake liko Louvre, Paris. Anajieleza bila kujificha: anajua hatua ya sanamu ya mwanamume na mwendo wa sanamu ya mwanamke, anajua jinsi mkono unavyoinuka wa mtu anayempiga kiboko chusa, na anajua kutengeneza vipambo visivyoungua kwa moto wala kuoshwa na maji. Anaongeza kwamba ujuzi huo hakuutoa kwa mtu yeyote ila mwanawe mkubwa. Ninapokisoma kisa chake namwona baba na kijana wameinama juu ya chungu cha moto, na baba anasema: bado.

Mishahara yao ilikuwa nafaka. Katika kijiji cha Deir el-Medina, walikoishi mafundi wa makaburi ya wafalme, fundi wa kawaida alipata kila mwezi magunia 4 ya ngano na gunia 1 na nusu la shayiri. Msimamizi alipata zaidi. Mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu nafaka ilichelewa, na mafundi wakaweka zana chini, wakatoka bondeni, wakaketi nyuma ya mahekalu wakidai chakula. Kijiji chao kilikuwa jangwani, bila kisima. Maji yaliletwa kwa punda. Kila kitu walichokula kilikuwa kimeota katika tope la yule mnene wa ukutani. Mafuriko yakiwa mabaya, sinia la Hapi linaendelea kujaa ukutani na la fundi liko tupu nyumbani.

Na jiwe lenyewe pia lilisafiri mgongoni mwa Hapi. Gebel el-Silsila, mahali mto unapobanwa kati ya majabali mawili, ndiko kulikokuwa machimbo makubwa ya jiwe la mchanga lililojenga Karnak na Luxor. Mashua zilipakiwa huko na kushuka na maji, na katika msimu wa mafuriko mzigo uliweza kufikishwa karibu zaidi na mahali pa ujenzi. Na ni huko Silsila, kwenye kingo zilizochongwa na wachimbaji, ambako Seti, Ramses na Merenptah waliweka vibanda na maandiko ya sadaka kwa Hapi. Naona panafaa kuliko hekalu lolote.

Kuna mungu mwingine wa mafuriko ambaye siwezi kumpita, kwa kuwa naye ni fundi. Khnum, mwenye kichwa cha kondoo dume, aliaminika kuyashika maji kwenye mapango ya Elephantine, kule Aswan, akiwa na miungu wawili wa kike, Satet na Anuket. Na ni yeye aliyewafinyanga watu kwa tope kwenye gurudumu la mfinyanzi. Angalia pembe zake. Zimetoka kwa pembeni, zimelala, zina mawimbi. Aina hiyo ya kondoo ilitoweka Misri zamani za kale, ikachukuliwa nafasi na kondoo mwenye pembe zilizojikunja. Mafundi waliendelea kumchonga Khnum na pembe za kondoo ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akichungwa, mpaka kule kwenye hekalu la Esna, chini ya utawala wa Warumi. Mkono ulimkumbuka mnyama ambaye macho yalishamsahau.

Warumi nao walimchonga Nile. Sanamu yao mashuhuri iko Vatican: mzee wa marumaru mwenye ndevu ndefu amejilaza kiwiko, na watoto 16 wanampanda mwilini. Hao ni dhiraa 16 za maji, kipimo ambacho mwandishi wao Plinio anakitaja kuwa ndicho cha furaha. Dhiraa 12 ni njaa. Ni kazi ya ustadi, watoto wanachekesha, na mzee ana sura ya upole. Lakini amelala. Kwa fundi wa Misri Hapi hakulala hata mara moja.

Hata yule wa Thonis-Heracleion amesimama. Timu ya Franck Goddio ilimkuta vipande vipande chini ya bahari katika ghuba ya Abu Qir, wakati mji huo uliozama ulipogunduliwa kuanzia mwaka 2000. Ni itale nyekundu, mita 5.4 kwenda juu, karibu tani 6, na hakuna sanamu ya Hapi inayojulikana iliyo kubwa kuliko hiyo. Aliwekwa karibu na mdomo wa mto, mahali maji matamu yanapoingia baharini, na sinia lake mikononi. Alipoinuliwa, maji yakimtiririka kila upande, ziwa na tumbo vilikuwa vinang'aa, na ule mstari ulikuwa palepale.

Sikuondoka Luxor kabla ya kuvuka ng'ambo kwenda kuziona sanamu mbili za Amenhotep wa Tatu, zile ambazo Wagiriki waliziita Memnon. Zina urefu wa mita 18 hivi, zimeketi shambani, na nyuso zao zimeharibika mno. Ubavuni mwa viti yupo Hapi, anafunga nchi. Kwa karne nyingi maji yalizifikia kila mwaka. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kati ya 1960 na 1970, na tangu hapo tope la Ethiopia linatua nyuma ya ukuta wake, ndani ya Sudan na Misri ya kusini, na mashamba ya Luxor yanamwagiliwa kwa mifereji mwaka mzima. Siku niliyofika vumbi lilikuwa limepanda mpaka kwenye miguu ya mfalme.

Muuza picha mmoja alikuwa na nakala za picha za zamani, za kabla ya bwawa. Nilinunua moja. Shamba lote ni maji, yametulia, hayana wimbi, yamezunguka vitako vya sanamu zote mbili, na wafalme wawili wamelala humo kichwa chini. Mtu amesimama katika mtumbwi, mdogo kama punje. Na ubavuni mwa kiti cha karibu, juu kidogo ya maji, ukiisogeza picha kwenye mwanga kwa mshazari, wanaonekana watu wawili wanene wakivuta mabua yao.